Tunajieleza Sote

Uyole, Mbeya
9 Septemba 2024

Mdogo wangu Roza,

Usishtuke kukuta mwandiko wangu katikati ya hati za kupakia. Nimemwomba Magesa akuletee pamoja na nyaraka za kawaida za lori, na huyo dereva hana tabia ya kuchungulia bahasha ya mtu. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi yumo Bosi Mitesh. Nikikupigia simu, hujamaliza kusema haloo mkulima ameshagonga dirisha lako, au la kwangu. Basi tuandikiane kama watu wa zamani, angalau karatasi haikatiki katikati.

Nimechoka, Roza. Jana kanisani nililala wakati wa mahubiri, mpaka mama aliyekaa pembeni akanifinya. Tangu Faustina aache kazi na kwenda kufungua duka lake la vitenge Mafinga, kiti chake kimewekewa makasha, na kazi yake tumegawana mimi na Sosthenes. Unakumbuka alivyokuwa akimpigia wakala wa kule mzigo unakokwenda kabla lori halijaondoka, anamsomea mzigo wote, mbegu gani, mbolea gani, naye wakala anajibu "ndiyo yenyewe", ndipo mimi nagonga muhuri? Siku hizi nagonga muhuri huku nimebana simu nyingine begani. Hakuna anayesoma mzigo tena. Na nyinyi huko Ipogolo najua mko wawili tu, wewe na Yotamu, na mnafunga ofisi giza likishaingia.

Nimeamua tumwandikie Mitesh barua, sisi wanne, tuombe watu waongezwe kabla msimu wa kupanda haujafika. Niachie mimi niiandike. Marehemu Mzee Himmat, baba yake, ndiye aliyeniajiri, na huyu mwanaye nimemjua akivaa kaptula. Najua namna ya kusema naye.

Dada yako,
Verediana


Ofisi za Uyole na Ipogolo
16 Septemba 2024

Mkurugenzi,
Himmat Pembejeo,
Mbeya.

YAH: SHUKRANI NA MAONI MACHACHE KUHUSU MAJUKUMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hadi kufikia siku ya leo. Pili tunakushukuru wewe binafsi, pamoja na mama yetu mpendwa Bi. Kumud, kwa malezi mema mnayotupatia sisi wafanyakazi wenu tangu enzi za marehemu Mzee Himmat, ambaye tutamkumbuka daima.

Tunashukuru pia kwa chai ya asubuhi, kwa mapazia mapya ya ofisi ya Uyole, na kwa feni ya Ipogolo ambayo imekuwa faraja kubwa kwetu. Hakika tunajivunia kuwa sehemu ya familia hii, na tunaahidi kuendelea kujituma kwa moyo wote.

Pamoja na mafanikio hayo makubwa, zipo changamoto ndogondogo za hapa na pale ambazo hazikosekani penye maendeleo, ikiwemo nafasi ya ndugu yetu Faustina ambayo bado haijajazwa, na muda wa kufunga ofisi ambao kwa sasa ni mgumu kuutaja. Tungefurahi endapo uongozi, kadiri utakavyoona inafaa na bila kujisumbua, ungeliangalia suala hilo.

Mwisho tunarudia kukushukuru sana, na kukutakia wewe na familia yako afya njema na baraka tele.

Wako watiifu,
Verediana Mwaijande
Sosthenes Mbilinyi
Roza Kalinga
Yotamu Sanga


Himmat Pembejeo, Mbeya
20 Septemba 2024

Wafanyakazi wangu wapendwa,

Sijawahi kupata barua kama yenu. Niliisoma, nikampelekea Mama naye akaisoma, akafurahi sana kuona mnamkumbuka Baba. Siku hizi mwajiri akipata barua ya wafanyakazi anajua ni malalamiko. Mimi nimepata shukrani! Nimeiweka kwenye fremu na kuitundika mapokezi Uyole, ili kila mteja aone tunafanya kazi na watu wa namna gani.

Kwa moyo huu mliouonyesha, nina imani ya kuwakabidhi jambo jipya. Mwezi ujao tunafungua kituo Igowole. Wakulima wa Mufindi wamekuwa wakiomba siku nyingi. Kwa kuanzia hakutakuwa na ofisi pale, ni stoo tu, na kazi zote za maandishi zitafanywa na timu ya Ipogolo.

Pia nawaalika wote chakula cha mchana Uyole, Jumamosi tarehe 28. Timu ya Ipogolo, Magesa atawachukua alfajiri.

Mitesh Himmat
Mkurugenzi


Ipogolo, Iringa
23 Septemba 2024

Dada Vere,

Kamwene. Nimekaa na hii barua ya bosi nacheka peke yangu, Yotamu ananiangalia kama nimepagawa. Feni! Dada, uliishukuru feni! Imekufa tangu Pasaka, na sasa wateja wa Uyole wanasoma ukutani kwamba ni faraja kubwa kwetu.

Samahani, wewe ni mkubwa wangu na si sawa kukusema, lakini wacha niseme. Ile barua ilizunguka mbuyu mpaka mbuyu ukapata kizunguzungu. Nilipoisaini niliona, nikanyamaza kwa heshima yako. Maneno yetu yenyewe yalikuwa mistari minne, umeyafunika na mapazia na Mzee Himmat na baraka tele. Mtu akisoma hapo ataona nini? Ataona watu walioshiba. Tumevishwa kilemba cha ukoka, tumebebeshwa na Igowole juu yake, na Jumamosi yangu moja niliyobaki nayo nitakwenda kula pilau na kurudi usiku.

Tuandike nyingine. Ukurasa mmoja. Hakuna Mungu katujalia, hakuna mapazia. Tuseme: tumechoka, tunaomba watu, bila hivyo kazi itaharibika. Ukiona tabu kuandika hivyo nitaandika mimi, wewe ukae juu kwenye sahihi.

Roza


Uyole, Mbeya
2 Oktoba 2024

Mdogo wangu Roza,

Ndaga, asante kwa barua yako, hata kama imenichoma. Ni kweli niliweka sukari nyingi. Kwetu nilifundishwa hivyo: huingii nyumbani kwa mtu ukaanza na shida, unasalimu, unaulizia watoto, ng'ombe, mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Nilidhani mtu aliyezaliwa hapahapa Mbeya angejua kusubiri mpaka mwisho.

Lakini nakuomba usiharakishe hiyo ya pili. Msimu uko mlangoni, tukimkaba sasa ataona tunamtega. Kuna mambo ninazungumza naye ana kwa ana ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Niamini. Tusubiri kidogo, huenda nikiwa karibu naye zaidi nikaweza kusaidia zaidi.

Kwa sasa, ili sisi huku tuheme, Mitesh ameona oda za Usangu nazo ziandaliwe Ipogolo, mimi nikabaki na vibali na muhuri. Najua ni mzigo. Jikaze kidogo, mdogo wangu.

Msalimie baba Tumaini.

Verediana


Ipogolo, Iringa
21 Oktoba 2024

Dada Verediana,

Magesa anasema ameshusha hapo Uyole meza mpya ya mninga, kubwa, ina droo pande zote mbili, na kibao cha kuwekwa juu yake kimeandikwa MSIMAMIZI WA MATAWI. Anasema ni yako. Anasema una chumba.

Hongera.

Wakati nyinyi mnahema, huku Ipogolo tunaandaa mizigo ya Iringa, ya Igowole na ya Usangu, mbegu za kwenye baridi na za kwenye joto, mchana mmoja, meza moja, wateja dirishani. Yotamu ameanza kuniita kwa jina la mkewe. Nikilala naota namba za malori.

Ulisema nikuamini, na nilikuamini. Ungeniambia tu, dada. Ningekusema, ningekasirika, halafu yangeisha. Nimeyajua kwa dereva.

Roza


Himmat Pembejeo, Mbeya
11 Novemba 2024

Bi. Roza Kalinga,
Ofisi ya Ipogolo.

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA

Mnamo wiki iliyopita, mbegu za mahindi za muda mrefu zilizopaswa kwenda Igowole zilipelekwa Usangu, na mbegu za muda mfupi zilizopaswa kwenda Usangu zilipelekwa Igowole. Hati zote mbili ziliandaliwa nawe. Kosa hili limeitia kampuni hasara ya usafiri na kuharibu jina letu kwa wakulima katika kipindi muhimu kuliko vyote.

Unatakiwa kujieleza kwa maandishi kabla ya tarehe 18 Novemba, kwa nini usiachishwe kazi.

Mitesh Himmat
Mkurugenzi


Uyole, Mbeya
12 Novemba 2024

Roza mdogo wangu,

Hukunijibu simu, na sikulaumu. Soma hii mpaka mwisho kisha unichukie ukitaka.

Mkulima mmoja wa Usangu anaitwa Kulwa, Msukuma, ndiye aliyeleta habari. Alikuja na pikipiki, mifuko miwili nyuma, akapita mapokezi bila kusalimu mtu, akaitupa mifuko juu ya hiyo meza yangu. Akaniambia, "Mama, sisi tulilipia mbegu ya siku chache. Hii mnayotuletea ni ya kule kwenu kwenye baridi. Huku mvua ikikata mahindi yatakuwa bado yanafika kiunoni. Mnataka tukale nini, majani?" Nikageuza mfuko, nikasoma, ni kweli. Nikachukua hati, chini yake kuna muhuri, na muhuri ni wangu. Nimegonga bila kusoma. Angekuwepo Faustina angempigia wakala, na wakala angeshangaa kwenye simu, na lori lisingetoka getini.

Mungu saidia mvua hazijaanza. Magesa ameshazunguka, kila mbegu imefika inapotakiwa, hakuna aliyepanda. Lakini Mitesh anataka mtu wa kumtoa kafara.

Nilikwenda kwake nikamwambia muhuri ni wangu, kama ni barua ya kujieleza basi ziandikwe mbili. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada Vere, wewe ni msimamizi. Msimamizi hajielezi, anaelezwa." Nimeona aibu, Roza. Aibu ya kweli. Ndipo nikaelewa ile meza ni ya kazi gani. Nilidhani nikikaa karibu naye nitawasemea. Nilikaa karibu naye nikapoteza sauti, na mzigo nilioutua kwangu niliutua kichwani kwako. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema hivyohivyo.

Sasa sikiliza. Usijibu peke yako. Barua ya shukrani mtu anaweza kuitia fremu. Barua ya kujieleza hawezi. Lazima aisome, lazima aiweke kwenye faili, na kesi ikienda mbele kwa maofisa wa kazi, ataulizwa iko wapi. Amefungua mlango yeye mwenyewe. Basi tupite sote. Wewe jieleze, na mimi nitajieleza, na Sosthenes amekubali kujieleza, ingawa hakuna aliyetuuliza. Zungumza na Yotamu. Kila mtu aandike yake, kwa mkono wake, aseme siku yake ya kazi ilivyo. Nitaziwasilisha zote pamoja.

Kibao nimekitoa mezani.

Verediana


Ipogolo, Iringa
14 Novemba 2024

Dada Vere,

Bado nimekasirika na wewe, na nataka ujue hivyo kabla sijaendelea. Juzi usiku nilimwambia mume wangu kwamba dada yangu wa Mbeya ameniuza kwa meza ya mninga. Alipoona nalia alisema tutalima. Tutalima nini, na wapi? Mshahara huu ndio unaomsomesha Tumaini, na ndio uliomtibu mama yangu mpaka anakufa. Nikiondoka hapa na barua ya kufukuzwa, nani Iringa hii atanipa kazi ya kuandaa mizigo?

Lakini nimeandika. Mara ya kwanza nilianza kuomba msamaha, nikachana. Mara ya pili nikamtukana mtu, nikachana. Ya tatu ndiyo hii. Nimesema ni mkono wangu uliobadilisha hati, siwezi kukataa mkono wangu, kisha nikaeleza mchana ule ulivyokuwa, nani aligonga dirisha, simu gani zililia, oda gani zilikuwa zimelaliana mezani, na kwamba ule mchana haukuwa mbaya kuliko mingine.

Yotamu alikataa. Alisema, "Roza, mimi nina watoto mapacha na nyumba ya kupanga, kwa nini niingie kwenye shimo nililoliona?" Sikumlaumu, nikaendelea na kazi. Jioni akaniletea karatasi yake imekunjwa. Nimeisoma, ni mistari miwili tu: "Mimi nilikuwepo. Ingeweza kuwa mimi, na wiki ijayo itakuwa mimi." Kisha amesaini jina lake lote, na la babu yake.

Nazikabidhi kwa Magesa. Sasa na wewe, dada, nakuomba kitu kimoja. Usiume na kupuliza. Yako iwe ya mtu aliyechoka.

Roza


Uyole, Mbeya
15 Novemba 2024

Mkurugenzi,
Himmat Pembejeo.

YAH: KUJIELEZA

Mitesh,

Naanza na jambo lenyewe. Mbegu zilikwenda kusikotakiwa kwa sababu hakuna mtu anayesoma mzigo kabla ya kuondoka. Mtu huyo alikuwa Faustina. Aliondoka, nafasi yake haikujazwa, na tulikuandikia hivyo mwezi wa tisa. Ipo ukutani pako, katika aya ya chini, mahali ambapo wageni wako hawafiki wakisoma. Kosa la kuificha huko ni langu. Nilikuandikia kwa adabu nikidhani utasikia na maneno, ukasikia adabu peke yake. Kwa hiyo leo nakuandikia bila utangulizi, na naomba usikasirike mpaka umalize.

Roza aliandaa hati mbili kimakosa. Mimi niligonga muhuri juu ya makosa hayo bila kuyasoma. Umemtaka Roza ajieleze na mimi umenipa chumba. Ukimwachisha kazi kwa hati, uniachishe na mimi kwa muhuri, siku hiyohiyo, kwa barua ileile. Nimeambatanisha maelezo ya Roza, ya Yotamu na ya Sosthenes. Yasome yote. Utakuta ni watu wanne wanaoeleza mchana mmoja, kila mmoja kutoka kwenye kiti chake.

Usimamizi wa matawi nimeurudisha. Sikuufanya siku hata moja. Hapakuwa na watu wa kusimamia, palikuwa na kazi tu.

Sasa nakuambia tutakachofanya, ili kisikujie ghafla. Kuanzia Jumatatu tarehe 18, hakuna muhuri utakaogongwa kwenye mzigo ambao wakala hajasomewa kwa simu na kuujibu. Hapa Uyole atapiga mmoja wetu, Ipogolo atapiga mmoja wao, na wakati anapiga, dirisha lake litafungwa. Mzigo ambao haujasomwa utalala. Saa kumi na moja jioni tutafunga ofisi zote mbili na kwenda nyumbani. Mizigo itachelewa, najua, na wewe unajua kwamba najua msimu huu una maana gani kwako. Hatugomi. Tunafanya kazi iliyopo kwa watu waliopo, kama inavyotakiwa kufanywa, ili uone kwa macho yako inafika wapi.

Tunataka mtu mmoja Uyole na mmoja Ipogolo. Tunataka Igowole iwe na karani wake au ifungwe mpaka apatikane. Tunataka kesi ya Roza iondolewe.

Baba yako aliniajiri nikiwa binti, na alinisomesha kazi hii yeye mwenyewe akisimama nyuma ya kiti changu. Nakupenda kama mdogo wangu, Mitesh, na sitagonga.

Verediana Mwaijande


Himmat Pembejeo, Mbeya
27 Novemba 2024

Kwa Verediana, Sosthenes, Roza na Yotamu,

Nilikasirika. Nisiwafiche. Nilipoona malori yangu mawili yamelala Uyole na wakulima wanapiga simu wakinitukana, nilitaka kuwafukuza wote na kuanza upya. Niliandika hizo barua. Mama ndiye aliyenizuia. Alikuwa na maelezo yenu mapajani, akaniuliza nikiwafukuza hawa, Jumatatu nitamweka nani kwenye dirisha.

Nikasema basi nitasoma mizigo mwenyewe, ni simu tu. Nilikaa kwenye kiti cha Faustina, nikatoa yale makasha. Ilinichukua asubuhi nzima kwa lori moja, na mimi sikuwa na mteja dirishani. Wakala wa Usangu alinisahihisha mara mbili. Mara ya pili alicheka.

Kesi ya Roza imeondolewa. Roza na Verediana mtapata barua ya onyo kila mmoja, kwa hati na kwa muhuri, kama Verediana alivyotaka iwe. Nimeajiri watu wawili, wanaanza tarehe 2 Desemba, mmoja kila ofisi. Nilimpigia Faustina arudi, akaniambia vitenge havina msimu, akakata simu. Igowole imefungwa hadi Januari, nitakapompata karani wa pale. Saa kumi na moja, ofisi zifungwe.

Sitajifanya nimefurahi. Msimu huu umenigharimu, na bado naona mngenijia mapema zaidi. Lakini najua mlinijia.

Mitesh Himmat


Ipogolo, Iringa
6 Desemba 2024

Dada Vere,

Kamwene, kamwene sana. Barua ya onyo nimeipata, nimeiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vyangu. Yotamu anaona wivu, anasema yeye ndiye aliyeandika vizuri kuliko wote na hakupewa hata onyo. Msichana mpya ana bidii, anasoma mizigo kwa sauti kama anatangaza mpira, wateja wanasimama kumsikiliza. Hasira zangu kwako zimekwisha. Zilikwisha nilipoona ile nakala yako ya kujieleza, pale uliposema nawe uachishwe siku hiyohiyo. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikashindwa kukaa.

Nataka nikusimulie ya Jumatatu, siku yule binti alipoanza. Ilipofika saa kumi na moja tulifunga. Nilisimama nje na funguo mkononi, jua bado liko juu ya mlima, nikasikia aibu kidogo, nikajiona kama mtu anayetoroka. Nikatembea mpaka nyumbani taratibu. Sijaiona ile njia kwa mwanga tangu mwaka jana. Kuna mtu amejenga, kumbe.

Baba Tumaini alikuwa uani anapasua kuni. Aliponiona, shoka likabaki hewani, kisha akaliweka chini polepole. Akaniambia, "Wamekufukuza." Hakuuliza. Akaja akanipokea mkoba, akasema tusiwaambie watoto leo, waache wale kwanza. Nikamwambia hapana, muda wa kazi umeisha. Akasema, "Umeisha? Kwani huwa unaisha?" Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye kuni.

Nilikaa pale nje sijui cha kufanya na mikono yangu. Kila mtu hapo nyumbani ana kazi yake saa ile, wamegawana bila mimi, nilikuwa nawazibia njia. Mwishowe Tumaini akaniletea ungo wa maharage nichague, kama unavyompa mgeni kitu asijisikie vibaya. Akachuchumaa mbele yangu, akanitazama nikichagua, akaninyooshea kidole nilipoacha jiwe.

Halafu akaniuliza, "Mama, na kesho utakuja?"

Nimemwambia nitakuja.

Mdogo wako,
Roza